Siku ya Nabii Ilya: Radi, mavuno na mila za kale za Waslavi

Kila tarehe 2 Agosti, waumini wa Kiothodoksi nchini Urusi, Serbia, Macedonia ya Kaskazini na kwingineko huadhimisha siku ya Nabii Eliya, ambaye Waslavi humwita Ilya, Ilija au Iliya. Nyuma ya ibada za kanisani zimejificha mila za kale kuhusu radi, mavuno na maji, ambazo hazijafutika hadi leo.

Bibi wa kijijini nchini Urusi anapomwona mjukuu wake akishika njia ya mtoni, taulo begani, na tarehe 2 Agosti imekwisha kupita, humwita arudi. Mto haujafurika wala jua halijaacha kuwaka. Sababu ya katazo hilo ni kwamba siku ya Nabii Ilya imepita, na tangu hapo, kwa imani ya wazee, haifai tena kuoga mtoni au ziwani hadi kiangazi kijacho. Wengine husema farasi wa nabii amedondosha kiatu chake cha chuma majini na maji yakapoa. Wengine husimulia kuwa kulungu amechovya kwato zake. Na wapo, hasa watoto, wasemao bila haya kwamba Ilya mwenyewe ametabawali mtoni.

Hadithi hizi huchekesha. Hata hivyo, kwa karne nyingi siku ya Ilya haikuwa ya kicheko hata kidogo. Iliangukia wakati ambapo akiba ya mwaka mzima ya familia ya mkulima ilikuwa bado iko nje, shambani na katika malundo ya nyasi, chini ya mawingu yenye radi. Kwa hiyo, anayetaka kuzifahamu mila za siku hiyo hana budi kwanza kumfahamu nabii huyo, na kisha kuifahamu hofu ya mkulima.

Nabii wa moto na mvua

Ilya wa Waslavi ndiye Eliya wa Biblia na ndiye Ilyas wa Kurani. Katika Kurani ametajwa katika sura ya Al-An'am, na kisa chake kimeelezwa kwa ufupi katika sura ya As-Saffat, akiwaonya watu wake waache kumwabudu Baali. Biblia inasimulia kisa hicho kwa marefu. Katika zama za Mfalme Ahabu, Eliya alitangaza kwamba hapatakuwa na mvua, na nchi ikakauka. Baada ya miaka ya ukame, juu ya Mlima Karmeli, moto ulishuka kutoka mbinguni ukaiteketeza sadaka yake, na halafu wingu dogo likatokea upande wa bahari na mvua kubwa ikanyesha. Mwishowe nabii huyo hakufa kama watu wengine, bali alipaa mbinguni katika gari la moto lililovutwa na farasi wa moto.

Ukame, moto, mvua na gari linalopita angani: hayo yote yalikuwa tayari yamo katika Maandiko kabla Waslavi hawajabatizwa. Mkulima aliyesikia kisa hicho kanisani, kisha akatoka nje na kusikia ngurumo zikivingirika kutoka upande mmoja wa mbingu hadi mwingine, hakuhitaji maelezo zaidi. Ngurumo zilikuwa mlio wa magurudumu ya Ilya, na radi ilikuwa mishale yake.

Kivuli cha Perun

Hata hivyo, mbingu za Waslavi hazikuwa tupu kabla ya Ilya kufika. Mungu wao wa radi aliitwa Perun. Mwanamfalme Vladimir wa Kiev alimsimamishia sanamu ya mti mwaka 980, yenye kichwa cha fedha na masharubu ya dhahabu, kama inavyosimulia tarehe ya kale ya taifa la Rus. Miaka minane baadaye, mwaka 988, Vladimir huyo huyo aliupokea Ukristo. Tarehe hiyo hiyo inaeleza kwamba sanamu ya Perun ilifungwa kwenye mkia wa farasi, ikaburutwa hadi mto Dnieper huku watu 12 wakiipiga kwa fimbo, na ikatupwa majini.

Lakini Ilya na Perun walikuwa wamekwisha kukutana kabla ya siku hiyo. Mkataba wa amani kati ya Rus na dola ya Constantinople, ambao tarehe hiyo imeuweka katika mwaka 945, uliapiwa kwa njia mbili. Mwanamfalme Igor na watu wake wasio Wakristo walipanda kilima ilipokuwa sanamu ya Perun, wakaweka chini silaha zao, ngao zao na dhahabu. Wale waliokuwa Wakristo waliapa katika kanisa la Mtakatifu Ilya mjini Kiev. Mji mmoja, mkataba mmoja, na mashahidi wawili, wote wawili wakiwa na mamlaka juu ya moto wa mbinguni.

Kutokana na ushahidi wa aina hii, wataalamu wengi wa karne ya 19, akiwamo Alexander Afanasyev, mkusanyaji mashuhuri wa ngano za Kirusi, walimwona Ilya kuwa ni Perun aliyevaa joho la mtakatifu. Wataalamu waliofuata wamekuwa waangalifu zaidi. Wanakumbusha kwamba Wagiriki nao, waliowaletea Waslavi Ukristo, walikuwa wakimjengea nabii huyo makanisa juu ya vilele vya milima na kumwomba mvua. Huenda basi ukweli uko katikati: mtakatifu alikuja na moto wake mwenyewe, akaikuta nafasi ambayo Perun alikuwa ameiacha wazi, na ikamtosha.

Hofu ya mkulima

Katika Urusi ya kaskazini ng'ombe hufungiwa zizini zaidi ya nusu ya mwaka kwa sababu ya theluji. Uhai wao katika miezi hiyo, na kwa hiyo maziwa ya watoto, hutegemea nyasi zilizokatwa na kukaushwa wakati wa kiangazi. Kazi hiyo ilipaswa kumalizika kabla ya siku ya Ilya. Baada ya hapo umande huwa mzito, mvua huongezeka na nyasi huoza kabla ya kukauka. Wazee walilieleza jambo hilo kwa methali: nyasi za kabla ya Ilya zina pudi moja ya asali ndani yake, na za baada ya Ilya zina pudi moja ya samadi. Pudi ni kipimo cha zamani cha Kirusi, kiasi cha kilo 16.

Wakati huo huo nafaka ya rai, jamaa ya ngano itoayo mkate mweusi wa Kirusi, ilikuwa imeiva. Familia nyingi zilikuwa zimemaliza akiba ya mwaka uliopita, na mkate wa kwanza wa unga mpya uliliwa karibu na siku hiyo. Mvua ya mawe ya nusu saa ingeweza kuulaza chini mwaka mzima wa kazi. Radi moja ingeweza kuliteketeza lundo la nyasi, na kwa kuwa nyumba zilikuwa za mbao na zimekaribiana, moto wa ua mmoja ungeweza kukimaliza kijiji kizima.

Ndiyo maana katazo kuu la siku ya Ilya lilikuwa kufanya kazi shambani. Aliyethubutu kukata nyasi au kufunga miganda siku hiyo aliaminiwa kuwa anamchokoza nabii, na visa vya malundo yaliyochomwa na radi vilisimuliwa kutoka kizazi hadi kizazi. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba dhambi ya mtu mmoja haikuwa yake peke yake. Radi haichagui paa. Jirani aliyemkataza mwenzake kufanya kazi alikuwa akilinda pia nyumba yake mwenyewe.

Mavuno yalipomalizika, katika vijiji vingi mashuke machache ya mwisho hayakukatwa. Yaliachwa yamesimama, yakasokotwa au kufungwa pamoja, na yakaitwa ndevu za Ilya. Ilikuwa ni sehemu yake, shukrani kwa mvua iliyokuja kwa wakati na kwa radi iliyopiga mahali pengine.

Shetani amejificha wapi?

Kwa imani za jadi, Ilya harushi mishale yake ovyo. Anawawinda mashetani, nao hukimbia na kujificha popote wanapoweza: chini ya mti, ndani ya mnyama, hata nyuma ya mgongo wa binadamu. Kutokana na imani hiyo zilizuka kanuni nyingi za tahadhari. Ngurumo zilipoanza, mbwa na paka walitolewa nje ya nyumba, kwani shetani angeweza kuwa ameingia ndani yao. Vioo vilifunikwa kwa kitambaa. Madirisha na milango vilifungwa, na watu wakakaa kimya.

Mtu aliyeuawa na radi alitazamwa kwa namna mbili zinazopingana. Kuna waliosema shetani alikuwa amejificha nyuma yake. Na kuna waliosema kuwa huyo ni mbarikiwa, amechukuliwa na Mungu mwenyewe, na dhambi zake zimefutwa. Kwa familia iliyofiwa, tofauti ya maelezo hayo mawili haikuwa ndogo.

Moto uliowashwa na radi nao ulikuwa na sheria yake. Wengi waliamini kwamba moto huo hauzimwi kwa maji, bali kwa maziwa. Msikilizaji wa leo anaweza kuona upesi hatari ya imani ya namna hiyo mbele ya nyumba ya mbao inayoungua. Hapa mila haikuwa hekima iliyofichika, ilikuwa hasara tupu.

Watu waliokota pia mashambani vijiwe vyenye ncha, wakaviita mishale ya radi. Elimu ya leo inaeleza kuwa vingi kati ya hivyo ni vichwa vya mishale vya watu wa Zama za Mawe, na vingine ni mabaki yaliyogeuka mawe ya wanyama wa baharini waliotoweka zamani sana. Wanakijiji walivihifadhi kama dawa, na maji yaliyomiminwa juu yake yalipewa wagonjwa.

Kulungu aliyekuja mwenyewe

Pamoja na hofu hiyo yote, siku ya Ilya ilikuwa pia siku ya shibe. Katika mikoa ya kaskazini ya Urusi, kama vile Vologda na Arkhangelsk, kijiji kizima kilichanga na kumnunua au kumlisha fahali mmoja. Siku hiyo alichinjwa, akapikwa katika masufuria makubwa na kuliwa kwa pamoja, tajiri na maskini wakiketi mahali pamoja.

Hadithi inayosimuliwa kuhusu chanzo cha karamu hiyo ni yenye mafunzo. Zamani, wasema wazee, fahali hakuhitajika. Kila mwaka siku hiyo kulungu wawili walitoka msituni wenyewe. Watu walimchukua mmoja na kumwacha mwingine aende zake. Mwaka mmoja tamaa iliwashinda, wakawachinja wote wawili. Tangu siku hiyo hakuna kulungu aliyetokea tena, na watu wakalazimika kumtoa ng'ombe wao wenyewe.

Miongoni mwa Waslavi wa Balkani

Nchini Serbia nabii huyu huitwa Ilija Mwenye Ngurumo, na ana dada, Maria wa Moto, ambaye siku yake huadhimishwa tarehe 30 Julai. Huko pia kazi za shambani huachwa. Nchini Bulgaria, ambako Kanisa huiadhimisha siku hiyo tarehe 20 Julai, ilikuwa desturi kuchinja jogoo mkubwa kuliko wote, au fahali kwa niaba ya kijiji. Sadaka hiyo huitwa kurban, neno lenye asili ya Kiarabu lililofika huko kupitia kwa Waturuki, nalo si geni kwa Waislamu. Na kandokando ya Bahari Nyeusi wazee huonya kwamba siku hiyo bahari inadai mtu, kwa hiyo haifai kuingia majini.

Bosnia na Herzegovina ina mfano wa pekee. Ilija anahesabiwa kuwa mtakatifu msimamizi wa nchi hiyo, na Waislamu wa Bosnia nao wana siku yao tarehe 2 Agosti, iitwayo Aliđun, yaani Siku ya Ali. Msemo mmoja wa huko unasema: hadi adhuhuri ni Ilija, baada ya adhuhuri ni Alija. Majirani wa dini mbili waligawana siku moja, msimu mmoja na mbingu ile ile yenye radi. Msemo huo umetumika pia kwa kejeli, kwa mtu anayebadili upande kila upepo unapogeuka. Baada ya vita vya mwaka 1992 hadi 1995, vilivyowatenganisha majirani wengi wa aina hiyo, maneno hayo husikika kwa uzito mwingine.

Nchini Macedonia ya Kaskazini siku hiyo, Ilinden, imekuwa jina la uhuru. Tarehe 2 Agosti 1903 waasi waliinuka dhidi ya utawala wa Uthmaniya, wakautwaa mji wa Kruševo na kutangaza jamhuri iliyodumu kwa muda wa siku kumi tu kabla ya kuvunjwa na majeshi ya Sultani. Miaka 41 baadaye, tarehe 2 Agosti 1944, baraza la wapiganaji dhidi ya ufashisti lilikutana katika monasteri ya Prohor Pčinjski na kutangaza dola ya Macedonia. Leo ni sikukuu ya taifa.

Askari ndani ya chemchemi

Utawala wa Kisovieti ulizipiga vita sikukuu za kidini, lakini historia ina mizaha yake. Tarehe 2 Agosti 1930, karibu na mji wa Voronezh, askari 12 wa Kisovieti waliruka kwa miavuli kutoka kwenye ndege katika mazoezi. Siku hiyo ikahesabiwa kuwa ndiyo ya kuzaliwa kwa jeshi la miavuli, nayo imeangukia sawasawa juu ya siku ya nabii aliyepaa mbinguni. Baada ya Umoja wa Kisovieti kusambaratika, Ilya alikubaliwa kuwa msimamizi wa askari hao.

Mtu anayeishi Moscow, wakiwamo wanafunzi wengi kutoka Afrika Mashariki waliosoma huko, huliona jambo hilo kwa macho yake: kila tarehe 2 Agosti, askari wa zamani wa miavuli, wenye kofia za buluu na fulana za mistari, hujitosa katika chemchemi za bustani za mjini huku wakipiga kelele za furaha. Ni siku ile ile ambayo, vijijini, bibi anamkataza mjukuu asiguse maji.

Nchini Ukraine mambo yamekwenda njia nyingine. Mwaka 2017 maadhimisho ya askari wake wa miavuli yaliondolewa tarehe 2 Agosti yakapelekwa mwezi Novemba, ili kuachana na desturi iliyorithiwa kutoka jeshi la Kisovieti.

Radi hufuata kalenda gani?

Badiliko kubwa zaidi lilikuja mwaka 2023. Kanisa la Kiothodoksi la Ukraine lililojitenga na Moscow, pamoja na Kanisa Katoliki la Kigiriki la nchi hiyo, yaliacha kuzihesabu sikukuu zisizohama kwa kalenda ya kale ya Juliasi kuanzia tarehe 1 Septemba mwaka huo. Kwa waumini wao siku ya Ilya imesogea siku 13 nyuma, kutoka 2 Agosti hadi 20 Julai. Katikati ya vita na Urusi, uamuzi huo ulikuwa pia tamko la kisiasa: kutosali tena kwa tarehe za Moscow.

Kwa mila za jadi, hata hivyo, swali si jepesi. Methali ya Warusi husema kwamba siku ya Ilya, kabla ya chakula cha mchana ni kiangazi, na baada ya chakula ni majira ya mapukutiko. Mwanzoni mwa Agosti maneno hayo yana msingi. Mjini Moscow mchana umekwisha kupungua kwa zaidi ya saa moja na nusu tangu kilele chake cha mwezi Juni, usiku huwa baridi, na maji ya mito huanza kupoa. Katazo la kuoga lilimwokoa mtoto na homa, pengine hata na kuzama, kwa lugha ambayo mtoto aliiogopa. Lakini tarehe 20 Julai jua bado ni kali na maji yana joto.

Ukweli ni kwamba siku hiyo imekuwa ikihama daima. Kalenda ya Juliasi huachwa nyuma na jua polepole, kiasi kwamba wakati Wakristo wa Kiev walipoapa katika kanisa la Ilya katika karne ya 10, sikukuu hiyo ilikuwa siku 8 mapema zaidi katika majira kuliko ilivyo leo kwa Warusi. Watu walizirekebisha methali zao, wakaendelea kuzitazama mbingu.

Kwa Waserbia, ambao bado wanaifuata kalenda ya kale, suala hilo lina jibu lake la zamani. Inasimuliwa kwamba Ilija mwenyewe hajui siku yake ni ipi. Kila mwaka humuuliza dada yake, Maria wa Moto, naye humjibu kuwa bado haijafika, au kuwa imekwisha kupita. Anamficha kwa makusudi, kwa sababu nabii akiijua atafurahi kupita kiasi, atapiga ngurumo na radi kwa shangwe, na dunia itaangamia. Watu waliosimulia hadithi hiyo walikuwa na nyasi zao nje na mashuke yao yakisubiri mundu. Sikukuu ya nabii waliitaka, mvua yake waliihitaji, ila wakaomba tu asisherehekee sana.